Wazee wa Dzaleka: Umri, Dawa na Lugha tangu 1994

Mwaka 1994 eneo la gereza la zamani la Dzaleka, wilayani Dowa, lilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Aliyeingia humo akiwa na miaka 40 alitimiza 70 mwaka 2024. Tiba ya kambini huanza na watoto, wajawazito na magonjwa ya mlipuko. Uzee umeingia kimyakimya.

Elimu ya dawa kwa wazee nayo ni changa. Mwaka 1975 Ulrich Klotz na wenzake walionyesha kwamba diazepamu huchukua takriban saa 20 kupungua nusu katika mwili wa mtu wa miaka 20, na takriban saa 90 kwa mwenye miaka 80. Uzeeni sehemu ya mafuta mwilini huongezeka, na dawa hiyo hujihifadhi humo. Mwaka uliofuata Cockcroft na Gault walichapisha kanuni ya kukadiria kazi ya figo, ambayo huanza kwa kutoa umri katika 140: kwa uzito na kreatinini ileile, mwenye miaka 70 hupata sehemu saba katika kumi za mwenye 40. Tena misuli ikipungua, kreatinini nayo hushuka, na kipimo huonekana kizuri ilhali figo zimechoka. Mwaka 2013 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ilitahadharisha kuwa glibenklamidi haiwafai waliopita miaka 60.

Dzaleka, maarifa haya hupita katika lugha mbili. Mhudumu husema *impso*, mzee wa Bukavu husema figo. *Chizungulire* na kizunguzungu, kwa bahati, huelewana. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kikwazo kikubwa ni neno letu wenyewe: uzee. Mtu akianza kusinzia au kuyumba baada ya kuongezewa kidonge, jamaa husema "ni uzee tu", na mkalimani, pengine mjukuu wake, haoni haja ya kulifasiri lalamiko hilo.

Nchini Malawi mgonjwa hubeba mwenyewe daftari lake la afya. Serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi waishio mijini warejee kambini, kwa aliyetoka Lilongwe daftari hilo lilikuwa kumbukumbu ya tiba iliyoweza kusafiri naye. Lakini kidonge kilichonunuliwa bila cheti katika duka la Area 47 hakimo. Watunga sera wangeweza kuanzia hapo: ukurasa mmoja wa dawa zote, umri na uzito, pamoja na swali moja la Kiswahili, "Kuyumba huku kulianza kabla ya dawa hii, au baada yake?"