Inchi tano: ugomvi wa nyavu uliomtangulia sangara

Inakaribia kutimia miaka 100 tangu mtafiti Mwingereza, Michael Graham, alipozunguka Ziwa Victoria akitafuta kiini cha malalamiko ambayo hadi leo yanasikika Nyamkazi, Kemondo na katika visiwa vya Muleba, mkoani Kagera: samaki wanapungua. Aliifanya kazi hiyo mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1929. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilipochoma nyavu haramu kanda nzima ya ziwa, na Juni mwaka huohuo maofisa wa uvuvi walipoingia hadi mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima kwa rula samaki waliokwisha kupikwa, wengi waliuona kama ugomvi wa zama hizi. Umri wake unaipita Tanzania yenyewe.

Bara ya Bukoba na Muleba ni nchi ya ndizi na kahawa. Heshima ya mtu ilitokana na kibanja, yaani shamba la migomba, na ziwa lilikuwa la watu wa pwani na visiwani kama Bumbire. Watu hao walivua kwa migono na ndoana. Nyavu za kutega ziliingia ziwani mwaka 1905 kupitia Ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, na katika miaka 20 tu ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akaanza kuadimika. Ndiyo sababu Graham aliitwa.

Pendekezo lake lilikuwa fupi: wavu wowote wa kuvulia ngege usiwe na matundu chini ya inchi 5, ili samaki apate kuzaa kabla hajanaswa. Serikali za kikoloni zililifanya sheria mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini chombo cha kuisimamia ziwa zima, Lake Victoria Fisheries Service, kiliundwa mwaka 1947. Kwa zaidi ya muongo mmoja sheria ilikuwepo na msimamizi wa kweli hakuwepo.

Hapo ndipo ugomvi ulipokolea. Mvuvi aliyetii aliinua wavu mtupu alfajiri, huku jirani yake mwenye wavu wa inchi nne akipakua samaki. Palipokuwa na ngege wachache, tundu la inchi tano liliwapitisha pia samaki wengine wadogo ambao walikuwa halali na wana soko. Maofisa walinyang'anya nyavu, lakini nyingine ziliendelea kuingia majini. Miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, imara na zenye kunasa kuliko za pamba. Katikati ya muongo huo Uganda na Tanganyika zikaifuta sheria ya inchi tano. Kenya ilifuata mwaka 1961, wakati chombo cha usimamizi kilikuwa kimekwisha kuvunjwa mwaka 1960.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba wavuvi walikuwa wakaidi. Siioni hivyo. Sheria ilipima ukubwa wa tundu na kuacha idadi. Mwenye nyavu kumi za inchi tano aliweza kuongeza hadi 50 bila kuvunja kifungu chochote, na mtumbwi mmoja ukizaa faida, kesho yake ilikuja mitano kuigawana. Graham mwenyewe alilifikia jambo hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1943, The Fish Gate, alieleza kwamba uvuvi usiowekewa ukomo huishia kutokuwa na faida. Mwaka 1954 mwanauchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, alifafanua sababu: samaki asiye na mwenyewe huvuta wavuvi wapya hadi mapato yote yamezwe na gharama. Aliyerudi mwaloni na deni la nyavu hakuhitaji profesa kumweleza hayo.

Onyo jingine la Graham nalo lilipuuzwa. Aliandika kwamba kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka ziwa jingine ni hatari kubwa mno, isipokuwa utafiti wa kina utangulie. Sangara akaletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, huku watafiti wa kituo cha uvuvi cha Jinja wakibishana na maofisa wa uvuvi wa Uganda. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametamalaki maji ya Tanzania, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, zikatoweka. Ngege leo yumo katika maziwa madogo ya Kagera, kama Ikimba na Burigi, na nashangaa kwamba mkoa haujivunii hazina hiyo.

Sangara alileta fedha, hilo halina ubishi. Bei ya kahawa ilipoporomoka mwaka 1989, vijana wa Kagera waliziona fedha mialoni. Viwanda vya minofu viliwakopesha mawakala nyavu na injini, na mkopo ukawafunga kuuza kwa bei ya mkopeshaji. Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, hasara ilishuka hadi kwa kibarua wa mtumbwini. Baadaye mabondo, vifuko vya hewa vya sangara, nayo yalipata thamani kubwa.

Taasisi zimeongezeka: Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria kwa mkataba wa mwaka 1994, vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe (BMU) mialoni, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Makokoro na nyavu za timba vimepigwa marufuku, na sangara amewekewa kipimo. Hata hivyo, wavuvi ziwani waliongezeka kutoka takriban 129,000 mwaka 2000 hadi zaidi ya 200,000 mwaka 2012. Leseni hupewa anayelipa ada, na hakuna idadi ambayo afisa wa Muleba au Bukoba akiifikia analazimika kufunga daftari.