Kutoka Pampu Mbili hadi Moja: Historia ya Oktani Machakos

Kwa miaka mingi, mwenye pikipiki aliyeingia kituo cha mafuta mjini Machakos alikuta petroli ya aina mbili, Regular na Super. Regular ilikuwa na bei nafuu, nayo ilizitosha mashine za kazi zilizopanda vilima vya Mua na kuteremka Masii zikiwa na mizigo. Super ilinunuliwa na wenye injini kali zaidi. Kilichozitenganisha ni oktani: Regular ilikuwa 83, Super 93. Leo Regular imetoweka, huku pikipiki za kasi zinazopita Kyumvi wikendi zikidai petroli bora kuliko zilizotangulia. Mwendeshaji anayejiuliza ajaze nini anarithi historia iliyoanzia mbali sana na Ukambani.

Oktani haipimi nguvu ya mafuta. Inapima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Pistoni inapopanda, hubana hewa na petroli, na joto hupanda. Plagi inapotoa cheche, moto hutakiwa kusambaa kwa mpangilio. Petroli dhaifu ikibanwa kupita uwezo wake, sehemu ambayo moto haujaifikia huwaka yenyewe. Hapo fundi husikia mlio wa chuma na kusema injini inagonga. Kugonga kukiendelea, pistoni huliwa na hata kutoboka.

Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Graham Edgar alipendekeza kipimo. Alichukua isooktani, inayostahimili sana kubanwa, akaipa 100. Heptani, inayogonga upesi, akaipa 0. Petroli ya 93 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wenye sehemu 93 za isooktani na 7 za heptani, zikijaribiwa katika injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake unaweza kubadilishwa.

Dawa ya kugonga ilikuwa imeshapatikana kabla ya kipimo hicho. Desemba 1921, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Marekani, Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba kiasi kidogo tu cha mchanganyiko wenye madini ya risasi kilituliza injini. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi waliokuwa wakiutengeneza mchanganyiko huo walikufa kwa sumu huko New Jersey, lakini biashara ikaendelea na kuenea duniani, Kenya ikiwemo.

Machakos ilipokea mafuta yake kupitia njia zilizochorwa na wengine. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza bara kabla ya Nairobi kuwepo, lakini reli kutoka Mombasa iliupita kando kwenye nyanda za Athi, na mwaka 1899 utawala ukahamia Nairobi. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi Changamwe, Mombasa, na ndicho kilichotengeneza hizo Regular na Super. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kutumika. Ndani yake petroli, dizeli na mafuta ya ndege husukumwa kwa zamu, moja ikiifuata nyingine, na sehemu zinapokutana hulazimika kutengwa ili zisiharibu mzigo uliosalia.

Kenya iliwahi pia kujaribu njia yake yenyewe ya kupata mafuta. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Muhoroni kilitengeneza spiriti kutokana na molasi ya miwa, nayo ikachanganywa na petroli kwa kiwango cha sehemu moja kwa kumi. Spiriti ya aina hiyo ina oktani inayozidi 100, kwa hiyo iliinua ubora wa petroli na wakati huohuo kupunguza mafuta yaliyoagizwa kutoka nje. Mpango huo ulikoma miaka ya 1990. Ulistahili maisha marefu zaidi.

Risasi nayo ilikuwa na siku zake. Juni 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiondoa katika petroli, na kufikia mwisho wa 2005 Kenya ilikuwa imeiacha. Ulikuwa ushindi wa watoto waliokua wakivuta moshi wa barabarani, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilisimamia kampeni hiyo ulimwenguni hadi Agosti 2021, lilipotangaza kwamba hakuna nchi tena inayouza petroli ya risasi kwa magari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Regular ilitoweka katika vituo. Mwaka 2013 kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta, na tangu hapo petroli huja kwa meli ikiwa tayari. Super ya 93 ikabaki kuwa petroli ya wote, kuanzia Boxer ya bodaboda hadi pikipiki ya mbio. Baadhi ya vituo vya kampuni kubwa huuza petroli ya daraja la juu kwa bei ya juu, lakini njiani mwendeshaji huenda asiikute.

Wakati chaguo likipungua, injini zilizidi kubana. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikuwa na mgandamizo wa 9 kwa 1. Yamaha R1 ya 1998 ilifika 11.8, na ile ya 2015 ikafika 13. Injini ya namna hiyo huelekezwa kutumia 95. Bodaboda haihitaji hivyo hata kidogo, na kuimwagia petroli ya bei ghali hakuiongezei kasi wala maisha.

Kulikuwa pia na wizi ulioharibu hata hiyo 93. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo ili kaya maskini zimudu kupika na kuwasha taa, na wachakachuaji wakayamwaga ndani ya petroli na dizeli. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, hivyo hata kiasi kidogo hushusha petroli nzima. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida hiyo ife. Dawa hiyo iliwaumiza wapikao kwa stovu vijijini, watu ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Hata hivyo Machakos ina msaada wake wa asili, nao ni mwinuko. Mji uko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, sawa na Denver huko Marekani. Hewa ni nyepesi, silinda hujazwa hewa pungufu, na injini isiyo na turbo hugonga kwa shida zaidi. Ndiyo maana katika majimbo ya milima huko Marekani vituo huuza petroli ya kawaida yenye oktani ndogo kuliko ile ya pwani. Pikipiki inayotaka 95 inaweza kwenda kimya kwa 93 kati ya Machakos na Nairobi. Ikiteremka Mtito Andei, Voi na hatimaye Mombasa, hewa huwa nzito na joto hupanda, na petroli ileile inaweza kuanza kugonga.

Namba yenyewe pia husomwa kwa hadhari. Petroli ya Kenya hupimwa kwa kipimo cha oktani kiitwacho RON, kama Ulaya na Japani. Kibandiko cha pikipiki iliyotengenezewa soko la Marekani hutumia wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 91 ya huko hukaribia 95 ya hapa. Pikipiki inayotaka RON 91 hutosheka na Super.

Mwenye mashine inayodai 95 anayetoka Machakos kwenda pwani ana mambo machache ya kufanya. Ajaze petroli ya daraja la juu kabla ya kuondoka, au katika mji wowote anapoikuta njiani. Akilazimika kutumia Super, anunue katika kituo chenye wateja wengi, na asifungue mafuta yote akiwa gia ya juu huku injini ikizunguka polepole, kwa maana hapo ndipo kugonga huwa kukali. Pikipiki nyingi za mbio hazina kihisio cha kutambua kugonga huko kama kilichomo katika magari, kwa hiyo akisikia injini ikigonga apunguze mzigo na kushusha gia mara moja.