Mkasi, gundi na mabaki ya karatasi

Ukitaka kujifunza rangi, unaanza na nini? Wengi tutataja brashi na rangi za maji. Josef Albers, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1888, alisema tafuta karatasi. Si kwa ubahili tu. Alikuwa na hoja ambayo mtu wa maabara ataielewa haraka.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mapazia ya picha ya kutundika ukutani. Malalamiko yalimkuta mlangoni: nyuzi nyeusi za kutilia vivuli kwenye vitambaa vya buluu na zambarau zinaonekana zimepauka. Akazilinganisha na nyuzi za viwanda vingine. Kumbe zilikuwa sawa! Weusi ule ulipauka kwa sababu ya majirani zake, maana jicho na ubongo hupima rangi kwa kuilinganisha na iliyo kando yake. Mwaka 1839 akalitolea kitabu kizima.

Sasa mfundishe mwanafunzi jambo hilo kwa brashi. Akiona vijivu viwili vinatofautiana, atajuaje kama ni jicho au alizidisha tone la nyeusi? Karatasi inamaliza ubishi. Kata vipande viwili kwenye karatasi moja ya kijivu, bandika kimoja juu ya nyeusi, kingine juu ya nyeupe. Cha juu ya nyeusi kitang'aa zaidi, na huna pa kusingizia.

Kuokota Albers alikuzoea. Alipokuwa mwanafunzi wa Bauhaus mjini Weimar hakuwa na hela ya vifaa, basi akabeba nyundo na mkoba hadi jalalani, akarudi na vioo vilivyovunjika na kuvitengenezea picha. Mwaka 1933 Bauhaus ilifungwa kwa shinikizo la Wanazi, naye akahamia Black Mountain College, chuo kichanga cha Marekani kilichokuwa na fedha kiduchu. Huko hata majani makavu ya miti yaliingia kwenye kolaji.

Kitabu chake cha 1963, Interaction of Color, kinataja pa kutafuta: mabaki ya wachapaji na wajalidi, karatasi za kufungia bidhaa, kurasa za majarida, mabango, sampuli za rangi za nyumba. Darasa likusanye pamoja, kisha wabadilishane. (Kwetu, pita kwa mchapaji yeyote jioni, kabla hajafagia.)

Lakini rundo kubwa la nini, kama vipande viwili vinatosha? Kwa sababu ya zoezi la pili, ambalo ni gumu zaidi: chukua rangi mbili tofauti, uzitafutie mandharinyuma zitakazozifanya zionekane moja. Hapo mtu huchambua boksi zima, anajaribu, anatoa, anajaribu tena, na gundi bado hajaifungua.