Policy (maana ya kale)

Policy ni neno la Kiingereza ambalo leo humaanisha sera, lakini katika karne ya 16 lilibeba pia maana ya werevu wa kutawala: kusoma upepo, kuficha nia, kumzidi adui akili. Asili yake ni neno la Kigiriki politeia, uendeshaji wa dola, lililopitia Kilatini na Kifaransa. Shina hilohilo ndilo lililotupa neno polisi.

Kwanza lilikuwa sifa ya mtu wa busara.

Hofu juu ya Niccolò Machiavelli, mwandishi wa Italia ambaye kitabu chake cha mbinu za kutawala, Il Principe, kilichapwa mwaka 1532, ililitia doa. Katika The Jew of Malta, tamthilia ya Christopher Marlowe ya karibu mwaka 1590, Machiavelli mwenyewe anapanda jukwaani kufungua mchezo, kisha Barabas, tajiri wa Malta, anaziita hila zake kwa neno hilo. Katika Hamlet ya Shakespeare, mwana wa mfalme anasimama makaburini, anatazama fuvu lililofukuliwa na kuwaza kwamba huenda lilikuwa la politician, yaani mtu wa hila.

Kiswahili kilishika njia nyingine, tena ya kupendeza. Siasa, neno lenye asili ya Kiarabu, lina pia maana ya upole na utaratibu: kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya bila pupa.