Mafundi Wasiotia Majina

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu, kuanzia 1968 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Hata hivyo, wapenzi wa picha zake hawachoki kubishana: ipi ni ya mwanzo, ipi ya mwisho, ipi ni ya wanafunzi wake. Pemba tuna mafundi waliomtangulia kwa karne nyingi, wala hatumjui hata mmoja kwa jina. Walichonga matumbawe na kukanda chokaa. Mitindo yao ilibadilika sawasawa na ya mchoraji yeyote, na anayetaka kuiona inambidi aifuate gofu kwa gofu.

Njia hii naianzia nje ya Pemba, Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa sababu pale pana tarehe. Maandishi yaliyochongwa kwenye kibla cha msikiti yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107, pamoja na jina la Sheikh Abu Imran aliyeamuru ujenzi. Jina la aliyeshika patasi halimo. Hati ni ya Kufi, herufi zimesimama wima na ncha zake zinachipua majani. Fundi alitumia tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bado bichi. Jiwe hilo hukatika kirahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Ndiyo maana mistari yake ni myembamba kiasi hicho.

Sasa vuka hadi Pemba, uende Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya rasi ndefu iliyo magharibi mwa Chake Chake. Wapo wanahistoria wanaodhani huku ndiko kulikokuwa Qanbalu, mji ambao msafiri Mwarabu al-Masudi aliutembelea kwa mara ya mwisho mwaka 916. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa miaka ya 1950, na mwenzake Mark Horton akachimba tena miaka ya 1980. Kinachomvuta mgeni ni makaburi ya nguzo, ya karibu karne ya 14. Hapa fundi ameacha kutegemea herufi. Anapanga maumbo: nguzo inayopanda juu, paneli zenye pembe kali, na matundu ya mviringo ya kupachikia bakuli.

Inafaa kusimama kidogo kwenye bakuli hizo. Mwashi wa pwani hii hakuwa na rangi ya kudumu kwenye mvua na chumvi, basi akaitafuta kwenye vyombo vilivyoletwa na majahazi. Kwanza zilitawala bakuli za Kichina za kijani, za Longquan. Baadaye, biashara ya enzi ya Ming ilipokolea, zikaja nyeupe zenye michoro ya buluu. Ukuta ukabadilika rangi kwa sababu tanuri za China zilibadilisha bidhaa. Nyingi zimeng'olewa, na makaburi mengi yamebaki na matundu matupu. Aliyezing'oa alidhani anachukua sahani, kumbe alikuwa anafuta picha.

Chwaka, karibu na Tumbe, nitapita haraka. Ni mji wa kale, na masimulizi yanautaja kuwa wa Haruni, mwana wa Mkama Ndume, mtawala wa Pemba. Kazi yake ni safi, lakini kwangu ni ya fundi anayerudia alichokwisha kukiweza.

Baba mtu ndiye aliyeacha jambo jipya. Pujini, kusini mashariki mwa Chake Chake, ni ngome yake ya karne ya 15 yenye maboma ya udongo, kitu adimu katika miji ya Waswahili. Wapemba husimulia kwamba Mkama Ndume aliwabebesha watu mawe wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima kiligawanywa ili wake zake wawili wasikutane. Ukatili huo unasimuliwa sana. Kinachosahauliwa ni chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, ambacho ukutani mwake fundi alifinyanga siwa kwa chokaa.

Siwa ni pembe ya utawala. Zile za Pate na Lamu, moja ya pembe ya ndovu na nyingine ya shaba, zinajulikana dunia nzima. Lakini kuichora ukutani ni uamuzi wa kisanii. Fundi wa Kizimkazi aliandika neno, wa Ras Mkumbuu akapanga umbo, na huyu akatia sura ya kitu chenyewe, tena gizani, mahali pasipoonwa na wapita njia. Chokaa ilimpa uhuru ambao tumbawe halikuwapa waliomtangulia.

Baada ya hapo mkono ulihamia kwenye mbao. Majeshi ya sultani wa Omani yaliichukua Pemba kutoka kwa Wamazrui, watawala wa Mombasa, miaka ya 1820. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, fedha ya karafuu ilihamia Pemba, na mwenye fedha alitaka mlango wa nakshi. Mwisho wa karne hiyo vizingiti vilivyonyooka vilianza kuachia nafasi tao la Kihindi lililojaa maua. Ni kazi nzuri, ila ni ya kuonyesha mali.

Mimi namchagua wa Pujini. Wewe usinifuate kwa mazoea: anzia makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, halafu uende ukatazame mwenyewe, na usiondoke na hata kigae kimoja.