Feza za Wanafunzi Waliokatishwa Masomo na Vita

Mwanafunzi akiacha masomo katikati, watu husema upesi: huyu basi, harudi tena. Na kweli, mara nyingi harudi. Si kwamba akili imepotea. Shida ni chakula. Aliyekwisha kuoa na kupata mtoto, atakula nini akikaa darasani mwaka mzima?

Katika vita vya pili vya dunia, vijana wengi wa Marekani waliacha vitabu wakashika bunduki. Tarehe 22 Juni 1944, vita havijaisha bado, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia wale watakaorudi. Hapo kwanza sheria ilitaka askari awe amekatishwa masomo na jeshi. Lakini aliyeingia jeshini kabla ya kupita miaka 25 hakuombwa ushahidi: alihesabiwa tu kuwa amekatishwa. Mwisho wa mwaka 1945 sharti lenyewe likaondolewa.

Serikali iliilipa shule mpaka dola 500 kwa mwaka. Tena ikampa mwanafunzi mwenyewe dola 50 kila mwezi za kula na kulala, ao 75 kama alikuwa na watu wa kutunza. Mimi naona feza hizi za pili ndizo zilizofanya kazi kubwa, maana bila hizo baba wa watoto angeipita shule ya bure akaenda kutafuta kibarua.

Wakubwa wa shule hawakufurahi wote. Robert Hutchins, mkubwa wa universite ya Chicago, aliogopa kwamba universite zitageuka kambi za wazururaji. Haikuwa hivyo. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa shule za juu walikuwa askari wa zamani. Wengine walilala na wake zao katika vibanda vya jeshi vilivyohamishiwa shuleni, na walimu wakaona kumbe watu wazima hawa wanasoma kwa bidii kuliko vijana. Hata mwaka 1956 walikuwa wamesaidiwa watu karibu milioni 8. Milioni 2 na zaidi katika shule za juu, wengine katika ufundi na ukulima.

Askari weusi walikuwa na haki ileile katika maandishi. Lakini katika majimbo ya kusini shule za wazungu ziliwafungia mlango, nazo shule za weusi zilikuwa chache na ndogo, zikawarudisha wengi kwa kukosa nafasi. Mtu alikuwa na haki ya feza za serikali, lakini hana darasa la kuingia.