Bao la Wembley na Daftari la Mbagala: Historia Fupi ya Wanasoka Wetu Ughaibuni

Tarehe 1 Machi 2020, Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa bao la kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza pale Wembley. Villa walifungwa na Manchester City mabao 2 kwa 1, lakini kwetu matokeo hayo yalikuwa habari ya pili. Habari ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto wa Mbagala, wilaya ya Temeke, amefunga Wembley. Viongozi walituma pongezi, na sisi tuliobanana kwenye vibanda umiza tukajiona tumo ndani ya bao lile.

Shangwe ile ilikuwa halali kabisa. Hata hivyo, historia ina kawaida ya kuuliza maswali ambayo shangwe haina muda nayo. Nani alimtengeneza mchezaji huyu? Kazi hiyo ilifanyika katika ardhi ya nani? Na je, kuna daftari lolote katika ofisi zetu za umma linalothibitisha kwamba ilifanyika? Ninaamini kwamba majibu ya maswali haya yanatueleza zaidi kuhusu namna tunavyoendesha miji yetu kuliko kuhusu mpira wenyewe.

Tuanze nyuma kidogo. Mtanzania anayetajwa kuwa wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya ni Sunday Manara, nyota wa Young Africans aliyepewa jina la "Kompyuta". Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliichezea Heracles ya Uholanzi, kisha akavuka Atlantiki na kujiunga na New York Eagles ya Marekani, katika ligi iliyokuwa ya daraja la chini ya ile ya Cosmos, timu aliyokuwa ameichezea Pelé. Hapa nyumbani hicho kilikuwa kipindi cha mpira wa ridhaa. Mchezaji alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa shirika au mwanachama wa klabu, na wazo la kwamba kipaji chake kina bei na mkataba lilikuwa geni, kwa wengine hata la kutiliwa shaka. Manara alikwenda, akacheza, akarudi na simulizi. Hatukuwa na mfumo wa kuligeuza jambo lile kuwa njia ya wengine kupita. Taifa Stars walifika fainali za Afrika za 1980 kule Lagos, kisha tukakaa miaka 39 kabla ya kurudi tena, Misri, mwaka 2019.

Miongo mitatu baada ya Manara, njia ya Amerika ya Kaskazini ilifunguka tena. Mwaka 2009 Nizar Khalfan, kijana wa Mtwara aliyepitia Mtibwa Sugar na Moro United, alisajiliwa na Vancouver Whitecaps ya Kanada. Mwaka 2011 klabu hiyo ilipopandishwa na kuingia ligi kuu ya Marekani na Kanada, MLS, Nizar alikuwamo kikosini. Mwaka 2012 alikuwa amerudi nyumbani, akivaa jezi ya Young Africans. Wengi walilichukulia hilo kama anguko la mtu mmoja. Mimi naliona kama tofauti ya mazingira mawili ya kulea wachezaji, na nitaeleza kwa nini.

Samatta alipita njia tofauti. Alianzia Mbagala Market, klabu ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa African Lyon. Kutoka hapo alikwenda Simba, na mwaka 2011, baada ya Simba kukutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, akachukuliwa na klabu hiyo ya Lubumbashi. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika, naye akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano. Januari 2016 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 Genk walikuwa mabingwa, naye alifunga mabao 23 katika ligi. Kuanzia hapo jina lake halikuhitaji utambulisho: Anfield, Villa, Fenerbahçe, PAOK.

Wasifu huu tunaukariri. Sehemu tunayoiruka ni ile ya kabla ya Simba, na ndiyo sehemu inayohusu serikali za mitaa, maafisa ardhi, maafisa michezo na wananchi wa kawaida.

Dar es Salaam ya wakoloni ilipangwa kwa rangi. Kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na makazi ya Waafrika upande wa Kariakoo, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa katikati kama mpaka. Waafrika waliufanya mpaka huo kuwa uwanja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulitanuka, na Temeke na Magomeni zikapimwa kuwa vitongoji vya wafanyakazi wa Kiafrika. Katika miaka ya 1970, kwa mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja vipya, wakati Manzese, na baadaye Mtoni na Tandika, ziliboreshwa zikiwa tayari zina watu. Katika ramani za maeneo yaliyopimwa, michoro iliacha nafasi kwa ajili ya shule, zahanati, soko na eneo la wazi. Katika maeneo ambayo hayakupimwa, wananchi waliacha wenyewe.

Hayo maeneo ya wazi ndiyo yaliyolea soka letu. Mtoto alianza na chandimu kwenye uchochoro, mpira wa matambara na magoli ya mawe. Akikua kidogo alihamia mchangani, kwenye timu ya mtaa yenye jezi moja inayofuliwa kwa zamu, na akionekana anaweza, aliitwa kwenye ndondo, ambako watu wa mitaa minne hujaa pembeni ya mstari wa chokaa. Kocha wake alikuwa fundi seremala, mwalimu wa shule ya msingi au mpiga debe wa daladala, na hakulipwa na mtu. Huo ndio mfumo wetu wa kukuza vipaji. Umejengwa na wananchi kwa gharama zao, bila kasma katika bajeti ya halmashauri yoyote.

Maeneo hayo yana historia nyingine ambayo wanaharakati hawapaswi kuisahau. Mwembe Yanga pale Temeke ni uwanja wa vumbi la mpira, lakini ndipo pia Dk. Willibrod Slaa aliposoma orodha ya watuhumiwa wa ufisadi tarehe 15 Septemba 2007. Biafra ya Kinondoni, Tanganyika Packers ya Kawe na Zakhem ya Mbagala zimebeba mikutano ya hadhara ya vyama vyote. Watoto wanaocheza jioni na wananchi wanaokusanyika kusikiliza hoja wanatumia ardhi ileile. Eneo la wazi likipotea, vijana hupoteza uwanja na raia hupoteza baraza.

Na yanapotea. Kila mkazi wa jiji hili anaujua utaratibu wake. Kwanza huja banda moja la biashara pembeni ya goli, kisha safu ya fremu, kisha gereji au maegesho ya malori, na mwisho ukuta na hati ambayo hakuna mkutano wa mtaa unaokumbuka kuijadili. Tunayo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, inayoweka utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi mjini. Upungufu mkubwa ni kwamba viwanja vingi vya mchangani havina mipaka iliyopimwa wala hati kwa jina la umma, na kitu kisichoandikwa ni rahisi kukikana.

Hapo ndipo suala la ardhi linapokutana na suala la fedha. Tangu mwaka 2001 kanuni za usajili za FIFA zina kitu kinachoitwa mgawo wa mshikamano. Mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15 una asilimia 0.25; kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Kwa mfano, mchezaji akiuzwa kwa dola milioni 1, klabu iliyokuwa naye kwa mwaka mmoja akiwa na miaka 13 inastahili dola 2,500, na iliyokuwa naye kwa miaka miwili akiwa na 17 na 18 inastahili dola 10,000. Akiuzwa tena, inalipwa tena. Kwa timu ya Tandika au Manzese, fedha hiyo ni mipira, jezi, nauli za msimu mzima na pengine gharama ya kupima uwanja.

Sharti ni moja: klabu iwe imesajiliwa na mchezaji awe ameandikishwa rasmi katika miaka hiyo. Mtoto anayecheza mchangani bila karatasi, kwa macho ya kanuni, hajalelewa na mtu. Miaka yake ya malezi inahesabiwa kuanzia pale klabu rasmi ilipomwandikisha, na walioifanya kazi ya mwanzo hawamo katika hesabu. Sheria ya mshikamano, iliyotungwa ili kuwafikia wadogo, inawaruka wadogo wetu kwa sababu ya kukosekana kwa daftari.

Sasa turudi Vancouver. Miaka michache baada ya Nizar kuondoka, klabu ileile ilimpandisha kikosi cha kwanza Alphonso Davies, mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 15. Alizaliwa Ghana katika kambi ya wakimbizi ya Buduburam, na wazazi wake walikuwa Waliberia. Familia ilipohamia Edmonton, alianza mpira kupitia mpango wa bure wa baada ya masomo kwa watoto ambao familia zao hazikuweza kulipa ada, vifaa wala usafiri. Kutoka hapo aliingia klabu ya vijana, kisha akademia ya Whitecaps, na mwaka 2018 Bayern Munich wakakubaliana kumnunua. Umaskini wa mwanzo wake haukuwa mdogo kuliko wa mtoto wa Mbagala. Alichopata ni taasisi iliyompokea akiwa mdogo na kumkabidhi kwa nyingine, kwa maandishi.

Kanada yenyewe haikuwa taifa la soka. Kwa miaka mingi wachezaji wake walitegemea ligi ya jirani, na baada ya fainali za dunia za 1986 walisubiri hadi 2022 kurudi. Mwaka 2019 walianzisha ligi yao, na wakaweka kanuni inayozilazimu klabu kuwapa vijana wa nchi hiyo walio chini ya miaka 21 dakika za kucheza. Sisi tunayo ligi yenye mvuto, inayoruhusu hadi wachezaji 12 wa kigeni kwa klabu. Sina ugomvi na wageni, kwani wameinua kiwango, na Samatta mwenyewe alikuwa mgeni Lubumbashi. Ugomvi wangu ni kwamba hatuna kanuni yenye uzito kama huo kwa kijana wa Temeke.

Wapo watakaosema mchangani ndio unaotoa wapambanaji, tuuache kama ulivyo. Hoja hii inawahesabu waliofanikiwa tu. Hatujui walioishia njiani ni wangapi, kwa kuwa hakuna aliyewaandika. Na kwa wasichana hali ni ngumu zaidi. Aisha Masaka amefika Brighton na Clara Luvanga amefika Al Nassr ya Saudi Arabia, ilhali viwanja vya mitaa vinapopungua, wa kwanza kuambiwa wasubiri zamu ni wao.

Mwaka 2027 Tanzania itaandaa fainali za Afrika pamoja na Kenya na Uganda. Viwanja vikubwa vitajengwa na kukarabatiwa, na ni vyema. Lakini Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000 umekuwapo Temeke tangu 2007, na hauwezi kumfundisha mtoto wa miaka 12 kupiga kichwa.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu yasiyohitaji mkopo wa nje. Halmashauri za Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni zichapishe orodha ya maeneo yote ya wazi, kata kwa kata, zikionyesha ukubwa, mipaka na hali yake ya sasa, ibandikwe katika ofisi za serikali za mitaa. Maafisa michezo, wakishirikiana na vyama vya soka vya wilaya, waandikishe timu za watoto na majina ya wachezaji wake kila mwaka, bure. Na mabadiliko yoyote ya matumizi ya eneo la wazi yasipite bila mkutano mkuu wa mtaa wenye muhtasari uliosainiwa.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza na orodha hiyo ya kwanza. Achukue ramani ya kata yake katika ofisi ya mipango miji, kisha atembee na kuhesabu magoli yaliyobaki.